Vipimo Viko Kwenye Droo ya Sadock

Plano, Texas
Jumapili, baada ya ibada

Kwa dada yangu Prudensia,

Shikamoo dada. Shikamoo tena. Hiyo ya pili ni ya akiba, maana ukifika mwisho wa barua hii huenda usitake kuniitikia. Natumaini uko salama, goti limepoa, na ile cherehani yako bado inakula nyuzi na kukutia hasira kama zamani. Vipi hapo Mwanjelwa, mvua zimeanza? Na Carmel mwanao, bado anaringa kwa kuwa wa tatu darasani? Mwambie mjomba wake naye aliwahi kuwa wa tatu, ila wakihesabu kutoka chini. Mimi huku ni mzima, nala, nalala, nimenenepa kidogo, na uzuri haujapungua.

Najua unajiuliza kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Ni kwamba kwenye simu huniachi nikamaliza. Nikisema neno moja wewe umeshasema kumi, la kumi na moja linakuwa sala ya kufunga, tumeagana. Karatasi haikatizwi. Joyceline, yule nesi wa kwaya yetu anayekuja likizo kwao Tukuyu, amekubali kukuletea mkononi. Nimemwambia akukabidhi ukiwa umekaa, na mkasi uwe mbali.

Sasa habari yenyewe. Dada, mdogo wako ameshinda. Yule uliyemwambia atakuja kuuza karanga stendi, leo ana kiti chake ghorofa ya juu, kiti cha kuzunguka, na nimekizungusha mpaka nikataka kutapika. Ngoja nianze mwanzo.

Unaikumbuka ile kazi ya stoo niliyokuambia? Kampuni yetu hutengeneza visanduku vya kompyuta, ukubwa wa kitabu cha nyimbo, vinavyofungwa pembeni ya vitanda kwenye nyumba za kulelea wazee. Chini ya godoro kunakuwa na mkeka mwembamba. Mzee akitaka kuinuka peke yake, mkeka unahisi, kisanduku kinapiga kengele, nesi anafika kabla mzee hajafika sakafuni. Mimi kazi yangu ilikuwa kupanga visanduku kwenye maboksi, kubandika anwani na kusukuma toroli. Wenye digrii wanakaa juu, wanakunywa kahawa na kuangalia skrini kama mtu anayemwangalia mtoto mwenye homa.

Tangu Januari kule juu kulikuwa na kiti kitupu, cha mtu wa kufungasha programu. Kila nikipandisha maboksi nakiona. Nilikitaka kile kiti, dada, kuliko chochote nilichowahi kukitaka, na unajua nilivyoitamani baiskeli ya mtoto wa mchungaji. Kujua nilijua. Laptopu mbovu zikitupwa stoo nazifufua mimi, tatu mpaka sasa, na ninapokwama nasoma mabishano ya mafundi wa dunia nzima kwenye mtandao. Hao watu wanatukanana kwa adabu mpaka unajifunza. Lakini tangazo la kile kiti lilidai digrii, tena neno lenyewe limekolezwa wino.

Hapo ndipo anapoingia kaka Humphrey. Ni kijana wa Moshi, ana digrii mbili na gari moja linalomsumbua. Ni mtu mzuri, ila ana tabia ya kushuka stoo kuja kulalamika kwa kuwa huko juu hakuna wa kulalamikiwa kwa Kiswahili. Siku hiyo alishuka amenuna, akasema kabebeshwa kazi ya mwenye kile kiti, kazi ya kufunga heda, na yeye afadhali aoshe vyoo.

Heda ni nini? Wewe ni fundi, utanielewa haraka kuliko walimu wangu wote. Ndani ya kompyuta kuna programu mama inaitwa kerneli. Hakuna programu inayogusa waya au mkeka bila kupitia kwake. Mtu akitaka kuunda draiva, yaani kale kaprogramu ka kuufanya mkeka uelewane na kerneli, lazima ajue kerneli imeumbwaje, bega liko wapi, mkono unaishia wapi. Hayo yote yameandikwa kwenye mafaili yanayoitwa heda. Mteja wako akiwa Dar na wewe uko Mbeya, huhitaji mwili wake dukani, unahitaji daftari la vipimo vyake. Heda ndilo hilo daftari. Na mteja akinenepa, daftari la mwaka jana ni la kufungia maandazi.

Kerneli yetu ilikuwa imenenepa. Kampuni iliibadilisha mwezi wa pili, na anayeunda mikeka na draiva zake ni fundi mmoja Mkenya, anaitwa Elphas, ana karakana yake Sugar Land, upande wa Houston. Alikuwa anasubiri vipimo vipya. Mtu akusanye heda zote, atoe takataka, azipange mahali pake, azifunge kifurushi kimoja ambacho Elphas akikifungua kwenye kompyuta yake, kila kitu kinakwenda kukaa chenyewe panapostahili. Na wa kufunga hakuwepo.

Nikamwambia Humphrey, kaka niachie mimi. Alicheka mpaka akashikilia toroli. Akaniuliza hivi wewe unajua heda ni kitu gani au unafikiri ni kofia. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, nikaongeza na mengine ambayo wewe yatakuchosha, akaacha kucheka. Akasema sawa, ila kule juu hawawezi kupokea kitu cha stoo, kwa hiyo kwenye ule mstari wa kifurushi unaomtaja mfungashaji litakaa jina lake. Kikifanya kazi, atamwendea bosi kuniombea kile kiti. Tukapeana mikono juu ya boksi.

Siku nne, dada, saa ya chakula na mapumziko ya chai yote. Kifurushi cha kwanza kilikosa mafaili ambayo kerneli huyazaa yenyewe wakati wa kuundwa, kikawa kama daftari lisilo na kurasa za mikono. Cha pili nilikijaza kila kitu mpaka kikawa kizito kuliko kerneli yenyewe. Cha tatu, Ijumaa, nikakiweka kwenye laptopu yangu, nikaunda kadraiva ka mfano, kakakubali bila kosa hata moja. Nilizunguka stoo na toroli tupu nikiimba pambio. Humphrey akakituma Houston, jina lake juu, mimi nimo ndani kama tambi kwenye sambusa, haionekani.

Jumatatu Elphas akaandika kwamba hakifanyi kazi. Humphrey akamjibu aweke upya. Akaweka upya, hakifanyi kazi. Humphrey akamwambia azime na kuwasha. Wakaendelea hivyo wiki nzima kama watu wawili wanaogombania shuka. Mimi kila siku nakijaribu kwenye laptopu yangu, kinakubali, naapa kwamba Elphas hajui kazi.

Kumbe huko Katy, magharibi ya Houston, kuna nyumba ya wazee iliyokuwa imeshafungiwa visanduku vipya vyumba kumi, na vya zamani vimeondolewa. Mikeka yote kumi ikawa kimya. Manesi wakawa wanazunguka kwa miguu, chumba hadi chumba, kila robo saa, kuangalia nani anataka kushuka kitandani. Habari ikamfikia Kathure. Kathure ndiye mkuu wa ghorofa ya juu, mama wa Kimeru, mfupi, hapandishi sauti kamwe, na ndiyo maana wanamwogopa. Akasema Humphrey aende Houston mwenyewe akarekebishe palepale. Kikishindikana, kifurushi kinatupwa, na Jumatatu inayofuata kile kiti anapewa mtu wa nje aliyekwisha kuleta vyeti vyake.

Humphrey akanichukua, eti kubeba visanduku. Saa nne nzima barabarani kwenda kusini, gari linakohoa, mwenye gari hasemi. Tulipofika Huntsville, pale penye lile sanamu jeupe refu linalokutazama kama mwalimu wa zamu, ndipo akafungua mdomo. Akaniomba tukifika nikae kimya kabisa, niwe kama mzigo mwingine. Nikamjibu mzigo hauulizwi swali, asiwe na wasiwasi. Kiti kilikuwa kinakwenda zake nami nimeagizwa kunyamaza.

Elphas ni mnene, mcheshi, na alikuwa na hasira ya wiki nzima. Alitupokea kwa chai ya maziwa, akasema tunywe kwanza kwa sababu akianza kuongea hatutameza. Akamweka Kathure kwenye skrini kubwa ili ashuhudie. Kisha akafungua kifurushi chetu kwenye kompyuta yake na kuiambia imwonyeshe: ukitaka vipimo vya kerneli hii, unaelekezwa wapi? Kompyuta ikajibu, herufi kubwa kama tangazo la msiba: nyumbani, kwa Sadock, folda ya kazi, folda ya kerneli.

Elphas akasogeza miwani. Akauliza huyu Sadock ni nani, na mbona kila siku kompyuta yake inatumwa kwa huyo jamaa kukopa kitu kama mtoto anayetumwa chumvi kwa jirani.

Niliona kosa palepale, kama wewe unavyoona mshono umepinda mteja akiwa bado mlangoni. Heda nilizifunga zote, zilikuwemo. Lakini ndani ya kifurushi kuna kikaratasi cha kuelekeza, kinachomwambia fundi vipimo viko wapi, na kile kikaratasi kilijiandika chenyewe siku niliyoiunda kerneli kwenye laptopu yangu, nami sikukibadilisha. Ni sawa na wewe ukamtumia fundi wa Dar daftari zuri, lina jalada, halafu ukurasa wa kwanza umeandika: vipimo viko kwenye droo yangu, nyumbani kwangu. Kwangu mimi kilikubali kila siku kwa sababu droo ninayo! Mwenzangu anaenda, anafika, hakuna droo, hakuna hata nyumba.

Humphrey jasho likamtoka. Namhurumia. Akamwambia Kathure kwamba Sadock ni jina tu la folda ya majaribio.

Dada, nimeitwa mengi maishani, na wewe umeniita mengi kuliko wote. Lakini folda ya majaribio?

Hapo nilikuwa na njia mbili. Nikinyamaza, Humphrey atahangaika, kosa litakuwa lake, nami narudi stoo na toroli langu salama. Nikisema, huenda toroli lenyewe wakaninyang'anya, kwa sababu mtu wa stoo hana ruhusa ya kugusa kerneli hata kwa kidole. Nikanyoosha mkono kama darasani, na unajua darasani sikuwahi kuunyoosha. Nikamwambia mama Kathure kwamba Sadock ni mimi, aliyefunga kifurushi ni mimi, na nyumba ile ni ya kwangu. Nikasema kazi ni yangu na kosa ni langu, siwezi kudai moja nikaacha lingine.

Elphas akaacha kunywa chai. Kathure akaniuliza jambo moja tu, kama naweza kulisahihisha kosa. Nikamwambia kwa dakika ishirini. Akasema nifanye hivyo, kwenye kompyuta mpya ya Elphas ambayo bado iko kwenye boksi na haijawahi kuona kitu changu hata kimoja, na Humphrey akae mbali na kibodi.

Ilichukua dakika hamsini, usimwambie mtu. Elphas alikuwa ananipumulia shingoni, kila baada ya muda ananiuliza kama bado niko nyumbani au nimeshatoka. Nikakielekeza kikaratasi ndani ya kifurushi chenyewe. Nikafunga upya. Nikakiweka kwenye ile kompyuta isiyonijua mimi wala baba yangu, nikamwambia Elphas haya, shona. Akaanza kuunda draiva yake. Mistari ikashuka, ikashuka, ikasimama. Hakuna kosa. Elphas alinipiga mgongoni kofi ambalo nimelihisi mpaka Alhamisi.

Tukakimbilia Katy na draiva bado ya moto. Nesi mkuu pale ni Jeptoo, mrefu kama mlingoti, miguu imemvimba kwa wiki nzima ya kuzunguka. Alinitazama juu mpaka chini, akawauliza wenzangu kama Plano wameishiwa watu wazima. Akavua viatu, akapanda kwenye kitanda cha chumba kimoja kitupu, akajilaza, akatangaza kwamba atainuka sasa hivi, na kengele isipolia mimi ndiye nitakayetandika vitanda vyote kumi, tena kwa kukunja kona. Nikamwambia ainuke tu, mama, na ajiandae kuziba masikio.

Akainuka. Kengele ikalia, dada! Ikalia mpaka mzee wa chumba cha pili akapaza sauti kuuliza nani anatoroka na kwa nini hawajamwita. Manesi wakacheka na kushangilia, Jeptoo akanishika mashavu kama mtoto, akasema leo ndiyo mara ya kwanza wiki nzima ataketi. Tukapita vyumba vyote, kengele kumi zikalia kumi. Wewe unasifiwa kanisani kwa kushona suti ya askofu. Mimi nimesifiwa na bibi wa miaka tisini na mbili aliyeomba tumjaribishe mara mbili kwa sababu ameupenda mlio.

Kesho yake Kathure akaniita juu. Mlango ukafungwa. Akaniuliza nimesoma wapi. Nilikuwa nimeshaandaa uongo, uongo mzuri, umepigwa pasi, una hata jina la profesa. Nikautazama uso wake, ule uongo ukagoma kutoka. Nikamwambia ukweli, sehemu ambayo wewe nawe utaisoma sasa hivi. Akaniuliza kitu gani nitafanya tofauti nikifunga heda tena. Nikasema kabla ya kutuma chochote nitakijaribu kwenye mashine isiyonijua. Akasema watu watatu wenye digrii aliowafanyia usaili, hakuna aliyetoa jibu hilo. Neno digrii kwenye tangazo, akasema, aliliandika yeye mwenyewe, na mkono uleule unaweza kulifuta. Akalifuta mbele yangu.

Kwa hiyo kiti ni changu. Humphrey alikaripiwa, kwa ile sauti ndogo inayouma, lakini ni yeye mwenyewe aliyekwenda kwenye mstari wa mfungashaji akatoa jina lake na kuandika langu. Akaniletea na ndizi nyama alizopika mwenyewe, mbaya sana, nikala zote. Sasa kila anayekifungua kile kifurushi, awe Houston au awe wapi, anakuta kimeandikwa: kimefungwa na Sadock Ambilikile. Jina la ukoo wetu, dada, liko ndani ya kompyuta zinazolinda wazee wa watu.

Haya. Mkasi uko mbali?

Hakuna mahafali mwezi wa tano. Chuo nilikaa miezi miwili, mwaka ule wa kwanza nilipokuwa kwa baba kule Alief, Houston, nikatoka, sikurudi. Kila nilipokuambia natoka kipindi, nilikuwa natoka stoo. Ile picha uliyoibandika dukani, mimi na vitabu mbele ya jengo la matofali, hiyo ni maktaba ya mtaa, mtu yeyote anaingia, hata na mbwa wake akimwombea. Baba anajua. Nilimsihi asikuambie, akasema yeye anaendesha lori na hana nafasi ya kubeba vita vyetu.

Hasira yako siiogopi, nimekua nayo. Nilichoogopa ni ukimya wako. Mama alipofariki, wewe uliacha chuo cha ualimu mwaka wa pili ukakaa kwenye cherehani ili mimi nivae soksi nyeupe za sekondari, na hukuwahi kulitaja hilo hata siku moja, hata siku nilipoleta yale matokeo ya kidato cha nne. Ningekuambiaje kwamba na chuo hiki cha Amerika nimekiacha? Kwa hiyo nikakuandikia ukurasa wa kwanza mzuri, nikakuelekeza kwenye nyumba ambayo haipo. Nawe ukaenda, ukafika, ukawatangazia kanisa zima. Nisamehe dada. Nilimwambia Kathure kabla yako, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Najua umeshakata sare za mahafali za akina mama kumi na mmoja wa kwaya, kile kitenge cha bluu. Usiziweke kabatini. Shona, zivaliwe. Waambie mama zangu kwamba sherehe ipo palepale, ila ni ya kazi. Mwezi wa tano nina likizo yangu ya kwanza ya mtu mwenye kiti, nakuja Mbeya mwenyewe, na anayetaka kuniuliza habari za digrii aniulize mimi, asikusumbue wewe.

Na ile suti yangu usikate kwa vipimo ulivyo navyo. Vile ni vya kijana wa miaka kumi na minane aliyeondoka na begi moja, na kila ulipoviuliza upya nilikuambia ni vilevile kwa sababu sikutaka unishonee joho la uongo. Sivyo tena. Nimejipima leo kwa futi ya stoo, Humphrey ameshika ncha ya pili kwa hiyo naye ana mchango: bega inchi kumi na nane na nusu, kifua arobaini na moja, mkono ishirini na tano, kiuno thelathini na sita, na usicheke hapo kwenye kiuno.

Nisalimie Carmel, mwambie namletea laptopu niliyoifufua mwenyewe. Nisalimie mama zangu wa kwaya wote kumi na mmoja, mmoja mmoja, kwa shikamoo zao. Msalimie na mama muuza mboga wa mlango wa pili, mwambie bado nakumbuka deni la parachichi, sijalikana. Joyceline atakaa wiki tatu, mpe jibu lako, hata likiwa fupi, hata likiwa la matusi, ila lisiwe kimya.

Nimevisoma hivyo vipimo mara mbili kabla ya kufunga bahasha. Vyote vimo humuhumu kwenye karatasi, dada. Safari hii huhitaji kwenda kwenye droo ya mtu.

Mdogo wako mtundu, anayekupenda na anayekuogopa,

Sadock Ambilikile
Mfungashaji wa heda, ghorofa ya juu